Dakta Krapf, Mkusanyaji wa Maneno

Muhula huu Mhariri wa gazeti letu alituomba tuandike habari za maisha ya watu mashuhuri wa zamani. Wenzangu wengi wamechagua wafalme, majemadari na matabibu. Mimi nimemchagua mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwauliza watu maneno na kuyaandika. Jina lake ni Dakta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1810 akafa mwaka 1881. Ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya kwanza ya Kiswahili yenye maelezo kwa Kiingereza. Lakini kabla sijaeleza maisha yake, yanipasa nieleze kwanza sababu ya kumchagua, nayo ni aibu iliyonipata darasani.

Mimi nakaa Majengo, hapa hapa Dodoma, kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi huuza sokoni karanga na mlenda uliokaushwa. Nyumbani twasema Kigogo na Kiswahili kwa pamoja, wala hatuangalii mpaka uko wapi. Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Pili, Mwalimu wa Kiswahili aliuliza ni nani ajuaye maana ya neno malenga. Mimi ambaye ni nadra kuinua mkono, siku ile niliuinua upesi kuliko wote, nikajibu kwamba malenga ni maji. Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe kwa Kiswahili malenga ni mtunzi hodari wa mashairi. Lakini kwa Kigogo malenga ni maji, na tangu utoto wangu bibi hunituma malenga kila asubuhi. Mwalimu alinisahihisha kwa upole, ila wenzangu walinipa jina la Maji, na jina hilo likanifuata mpaka uwanja wa mpira.

Tangu siku hiyo sikujibu swali lo lote, hata katika somo la Kiingereza ambalo nalipenda. Tena nilifanya jambo baya zaidi, ambalo naona haya kuliandika. Jumamosi moja nilipita sokoni Majengo pamoja na wanafunzi wenzangu wawili. Bibi aliniona kutoka kwenye meza yake akaniamkia kwa furaha, mbukwa, kama ilivyo desturi yetu. Nami nikajifanya sikusikia, nikapita. Jioni bibi hakunikemea. Aliniwekea chakula, akaenda kulala mapema.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliona kwamba nimenyamaza. Siku moja baada ya masomo alinipeleka katika maktaba ya shule, akaweka mbele yangu kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyochakaa jalada, akaniuliza nadhani maneno yale yaliingiaje humo kitabuni. Sikuwa na jibu. Nilidhani kamusi zilikuwapo tangu zamani kama vilima vilivyokuwapo. Akaniambia kwamba kila neno lililomo liliandikwa na mtu aliyekwenda kumwuliza mtu mwingine, na kwamba mara nyingi yule mwenye kuuliza alichekwa kwanza. Ndipo aliponipa habari za Dakta Krapf, nami nikaendelea kuzitafuta mwenyewe mpaka nikapata haya ninayowasimulia.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua muda wa miezi sita. Katika ugonjwa ule hakuwa na la kufanya ila kusoma, na kusoma kukamwingia moyoni. Alipopona alipelekwa shuleni Tübingen, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za kale. Huko ndiko alikoiona ramani ya Afrika, akastaajabu kuona upande wetu wa mashariki una majina machache sana. Akataka kujua kama kweli nchi ile ilikuwa tupu, au ni kwamba wachoraji wa ramani hawakuwa wamemwuliza mtu ye yote.

Akasomea kazi ya dini katika mji wa Basel, kule Uswisi, kisha Tübingen tena, akamaliza mwaka 1834. Mwaka 1837 chama cha misioni cha Kiingereza kilichoitwa C.M.S. kilimpeleka Uhabeshi. Hapo tayari tunaona jambo la kuangalia. Mtu huyu alikuwa Mjerumani, akitumwa na Waingereza, kwenda kwa Wahabeshi. Kila barua aliyowaandikia wakubwa wake ilimbidi aiandike kwa lugha ambayo si ya mama yake, na kila mtu aliyekutana naye njiani ilimbidi aseme naye kwa lugha ya tatu. Wanafunzi wa Dodoma tusomao kwa Kiingereza, tukiwa tumezaliwa katika Kigogo, Kirangi, Kisandawe au lugha nyingine, twajua vizuri shida hiyo.

Uhabeshi alijifunza Kigeez, ambacho ni lugha ya kale ya kanisa la huko, na Kiamhara, tena akaanza kuandika maneno ya lugha ya Waoromo. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich kule Alexandria, nchi ya Misri. Walipojaribu kurudi pamoja katika Uhabeshi, mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani nyikani, naye hakuishi. Walimpa jina la Kiamhara, Eneba, maana yake chozi. Nimelifikiri sana jina hilo. Mtu akiwa katika huzuni kubwa hulilia kwa lugha ya mama yake, lakini wao walichagua neno la lugha waliyokuwa wakijifunza.

Njia ya Uhabeshi ilipofungwa, Krapf alikata shauri kupitia upande wa bahari. Alifika Unguja mwezi wa Januari 1844. Sultani Seyyid Said bin Sultan alimpokea vema, akampa barua kwa maliwali wake wa pwani. Mwaka huo huo Krapf na mkewe wakakaa Mombasa. Haikupita miezi mingi, homa ikawashika wote wawili. Mwezi wa Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi lao lipo mpaka leo.

Mtu mwingine angefunga mizigo yake arudi kwao. Krapf alipopata nafuu alirudi kwenye karatasi zake. Mwezi mmoja tu kabla ya msiba ule, Juni 1844, alikuwa ameanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, mtu wa asili ya Barawa. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Krapf alikuwa mhubiri Mkristo, na Sheikh alikuwa mwamuzi wa sheria ya Kiislamu. Hawakukubaliana katika dini, na Krapf katika maandishi yake hakuusema Uislamu kwa wema. Hata hivyo kila siku mmoja alikuwa akiuliza neno na mwingine akilieleza, na katika kazi ile mwalimu alikuwa Sheikh, na Dakta alikuwa mwanafunzi. Sura za kwanza za tafsiri ile zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za mashariki.

Jambo jingine aliloliamua ni herufi. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Krapf aliona afadhali kutumia herufi za Kirumi, hizi tunazotumia sisi sasa. Uamuzi wake ulikuwa na faida zake na hasara zake. Lakini hakuyadharau maandishi ya zamani. Alitafuta mashairi ya pwani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1854 hati hizo zikafika Ujerumani katika chama cha wataalamu. Mojawapo ni Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo mwaka 1728. Kwa hiyo Krapf alisaidia kuitunza kazi ya malenga, kwa ile maana ya Kiswahili iliyonitia aibu.

Mwaka 1846 alikuja Mjerumani mwenzake, Johannes Rebmann, wakajenga pamoja huko Rabai, juu ya vilima vya nyuma ya Mombasa, kati ya watu ambao leo twawaita Wamijikenda. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiwa safarini kwenda Uchaga, aliuona mlima Kilimanjaro, na juu yake kitu cheupe. Alimwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini. Kiongozi hakuwa na neno la theluji, kwani hajapata kuishika. Akaona hapana budi kusema jambo alilolijua kwa hakika, akakiita baridi. Kwa jibu hilo Rebmann aliyezaliwa katika nchi ya theluji akafahamu mara moja kwamba ile ni theluji.

Rebmann na Krapf walipoandika habari hiyo Ulaya, walichekwa. Mtaalamu mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hajapata kukanyaga Afrika, alikana kabisa kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Krapf naye aliuona Kilimanjaro mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akiwa Kitui, katika nchi ya Ukamba, akauona mlima mwingine wenye theluji. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanya biashara maarufu wa Kikamba. Krapf aliliandika jina la mlima kama sikio lake lilivyolipokea kwa Wakamba, Kegnia au Kenia. Nchi nzima ya jirani zetu, Kenya, yaitwa kwa jina hilo. Bwana Cooley hakusadiki, lakini mwaka 1861 na mwaka 1862 Baron von der Decken alifika Kilimanjaro akathibitisha kwamba theluji ipo. Basi yule kiongozi ambaye hakuwa na neno alikuwa na ukweli, na yule bwana wa London mwenye maneno mengi hakuwa nao.

Mwaka 1850 Krapf alikwenda Ulaya, na mwaka huo vitabu vyake viwili vilichapishwa Tübingen. Kimoja kilieleza sarufi ya Kiswahili. Cha pili kiliweka bega kwa bega maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, yaani Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Kwa kuyalinganisha hivyo mtu aliweza kuona jinsi lugha za bara na za pwani zilivyo ndugu. Kazi ya namna hiyo iliendelea baadaye hata karibu na kwetu. Bwana J. T. Last, aliyekaa Mpwapwa kisha Mamboya, alitoa mwaka 1885 kitabu chenye maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48.

Krapf alirudi Rabai mwaka 1851, akaenda tena Ukamba. Safari hii ilikuwa mbaya. Karibu na mto Tana walishambuliwa, rafiki yake Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini. Hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akayajaza katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, akaziba kwa majani. Alitembea usiku na kujificha mchana, akila cho chote alichokipata, mpaka akafika tena penye watu. Sisi wa nyanda kavu za Ugogo hatuna haja ya kuelezwa thamani ya maji yale.

Afya yake ilikuwa imevunjika. Mwaka 1853 alirudi Ujerumani, akakaa Kornthal karibu na Stuttgart. Alikuja tena Afrika mara kadhaa kwa muda mfupi, lakini kazi yake ya miaka iliyobaki ilikuwa mezani. Kwa kiasi alichokitazamia alipotoka kwao, yaani kuwaongoa watu wengi, alikuwa ameshindwa, kwa maana waliobatizwa kwa mkono wake walikuwa wachache mno. Kilichobaki mikononi mwake ni maneno.

Sasa nieleze kidogo jinsi kamusi inavyotengenezwa, kwa kuwa wengi wetu twaifungua bila kufikiri. Kwanza ni kukusanya. Mtu husikiliza, huuliza, husoma, na kila neno huliandika pamoja na mfano wa jinsi linavyotumiwa. Pili ni kupanga. Kwa Kiingereza kupanga si kazi ngumu sana, kwani neno halibadiliki mwanzo wake. Lakini kwa Kiswahili, je, watoto tutawaweka katika W au katika M pamoja na mtoto? Na pigana, pigwa na pigisha, je, yatakaa mbalimbali au yote chini ya piga? Kila mtunzi wa kamusi ya Kiswahili amelazimika kulijibu swali hilo. Tatu, na ndiyo kazi kubwa, ni kueleza maana. Kiingereza kina neno moja tu, uncle, kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Nyumbani kwetu mtu akiwachanganya hao watatu, atajuta siku ya kugawa mahari. Tena maneno hayakai mahali pamoja. Chukua neno hongo. Zamani misafara ya biashara ilipopita Ugogo kwenda Tabora na Ujiji, ililipa hongo kwa watemi, nayo ilikuwa kodi ya njia iliyojulikana na wote. Leo hongo ni rushwa, na mtu huitoa kwa kificho. Neno ni lile lile, ila maana imehama.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Samuel Johnson aliyetoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza huko London mwaka 1755 alikuwa na waandishi sita wa kumsaidia. Kamusi kubwa ya Oxford ilisaidiwa na watu wengi wa kawaida waliopeleka vipande vya karatasi vyenye maneno waliyoyaona vitabuni. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, na ya mwisho mwaka 1928. Mhariri wake mkuu, James Murray, alikufa mwaka 1915, asiuone mwisho. Krapf naye alikuwa na wasaidizi, ingawa wengi majina yao hatuyasikii. Sheikh Ali nimekwisha mtaja. Rebmann alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, akikusanya maneno ya Kiswahili, Kinyika na Kinyasa. Kinyasa alifundishwa na mtu aliyeitwa Salimini, ambaye alikuwa mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka bara ya mbali. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alichokuwa nacho alibaki na lugha yake, akampa mgeni, na kwa ajili yake kamusi ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877.

Rebmann alirudi Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, akakaa karibu na Krapf, akafa mwaka 1876. Krapf akaendelea kuitengeneza kamusi yake ya Kiswahili. Alikuwa mzee, tena alikuwa akieleza maneno ya Mombasa kwa Kiingereza akiwa katika kijiji cha Wajerumani, mbali na mtu wa kumwuliza. Tarehe 26 Novemba 1881 aliingia chumbani mwake usiku. Asubuhi watu walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa. Mwaka uliofuata, 1882, kamusi yake ikatolewa London, kitabu cha kurasa zaidi ya 400. Yeye hakukishika mkononi.

Kamusi ile ilikuwa na makosa. Krapf aliandika maneno kwa tahajia ambayo leo ingetukosesha maksi zote za imla. Tena maneno yake ni ya Kimvita zaidi, yaani Kiswahili cha Mombasa, hali Askofu Edward Steere aliandika Kiswahili cha Unguja, na mwaka 1928 Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Baadaye alikuja A. C. Madan, kisha Frederick Johnson na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambao kamusi zao mbili zilitoka mwaka 1939. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, inayoeleza Kiswahili kwa Kiswahili. Lakini hao wote walijengea juu ya kazi ya waliotangulia, na hata leo mtu akitaka kujua neno fulani lilikuwa na maana gani Mombasa yapata miaka 150 iliyopita, hana budi kumwendea Krapf.

Nilipomaliza kuyasoma haya nilirudi Majengo jioni nikamkuta bibi anachambua karanga. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya sokoni. Aliniambia kwamba aliona, na kwamba alidhani labda ameniaibisha mbele ya wenzangu kwa nguo zake za kazi. Sikuwa na la kusema. Nilichukua daftari, nikakaa chini karibu naye, nikamwuliza jina la Kigogo la kila kitu kilichokuwa mbele yetu, kuanzia ungo mpaka jivu.

Hapo ndipo nilipotambua ugumu wa kazi ya Krapf. Siku ya kwanza niliandika maneno 20, na bibi alipotaka nimsomee, alinisahihisha 7. Mengine nilikuwa nimeyasikia vibaya, mengine nilikuwa nimeyapa maana nusu. Nilipomwuliza Kigogo cha theluji aliniambia nieleze kwanza ni kitu gani. Nikaeleza kadiri ya nilivyosoma vitabuni, kwa maana hata mimi sijaiona. Akafikiri, akasema bila shaka nasema habari za mvua ya mawe. Nikajua kwamba si yeye aliyeshindwa kunijibu, ila mimi ndiye niliyeshindwa kueleza.

Mwezi wa Juni bibi aliugua kifua, akalazwa hospitali siku tisa. Katika siku zile nilikuwa nikilitazama daftari langu lenye maneno 140, nikafikiri ni mangapi aliyo nayo yeye ambayo mama yangu hayajui, wala mimi. Mungu akamjalia, akarudi nyumbani. Tangu hapo hatukukosa hata jioni moja. Sasa daftari lina maneno 412. Si kamusi, wala sijiiti mtaalamu. Mwalimu wetu wa Kiingereza ameniambia nipange kwa alfabeti na niandike kila neno maana yake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kwa kazi hiyo Kiingereza changu kimeendelea kuliko kwa zoezi lo lote, kwani mtu hawezi kueleza kwa lugha ya pili jambo asilolifahamu kwanza kwa lugha yake.

Wenzangu watatu wa Kidato cha Tatu wameanza kufanya vivyo hivyo kwa wazee wao, mmoja Kirangi, mmoja Kisandawe, mmoja Kinyaturu. Huyo wa Kirangi ndiye aliyenipa jina la Maji. Bado aniita hivyo, lakini siku hizi naitika.

Wazazi mtakaolisoma gazeti hili, nawaombeni msichoke tunapowauliza maneno. Nanyi wanafunzi wenzangu, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee, chukueni daftari mkakae naye likizo hii. Haba na haba hujaza kibaba. Mwamkieni kwanza, tena kwa lugha yake, hata kama wapo watu sokoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Majengo, Dodoma.